Wine imenifanya mvivu, au nilikuwa mvivu tangu zamani? (Programu asilia dhidi ya programu za kutafsiriwa)

FundiSacco (Tororo)

Wakuu, habari za leo. Kuna jambo linanila roho, naomba mnisikilize mpaka mwisho ndipo mnirukie.

Tangu 2009 nauza programu ndogo ya vitabu vya SACCO. Akiba, mikopo, riba, faini, risiti, basi. Niliiandika kwa Delphi 7, zana ya zamani ya kuandikia programu za Windows, na data imo kwenye majedwali ya Paradox, hifadhidata ya enzi hizohizo. Najua, msicheke. Ina wateja 14 kutoka Busia hadi Mbale na imenisomeshea watoto wawili.

Microsoft ilipofunga huduma ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mteja wangu mmoja alipiga simu. Kompyuta zao sita ni za mtumba, Core i3 za kizazi cha nne. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Mwenyekiti akaniuliza, "Mwalimu, tuzitupe na zinawaka?" Nikamwambia hapana, tunaweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Nikaweka na Wine, nikabofya lile faili langu la .exe la miaka yote hiyo. Likafunguka. Jasho lilinikauka palepale.

Siku ya tatu ikaja risiti. Ni ile printa ndogo ya karatasi ya milimita 58. Programu inaomba fonti ambayo Linux haikuwa nayo, Wine ikachukua nyingine iliyo pana kidogo. Mama mmoja aliweka 1,250,000, akapewa risiti inayosoma "1,250," na ile "000" imeshuka mstari wa chini, imekaa peke yake kama mtoto aliyetolewa darasani kwa kukosa ada. Mama akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akauliza, "Na hela zangu zingine?" Foleni nzima kimya. Nikaandika kiasi kwa kalamu, nikagonga muhuri. Jioni nikaleta fonti kwa flashi na mambo yakakaa sawa.

Sasa swali langu. Kabla ya hapo nilikuwa nimeanza kuandika toleo la Linux lenyewe, asilia, lisilohitaji mkalimani. Nilifika kama robo. Tangu Wine ikubali sijalifungua tena. Je, hivi vitu vya kutafsiri, Wine, Proton (ndugu yake wa gemu) na wenzao, vinatuvunja moyo wa kutengeneza programu asilia? Au natafuta wa kumsingizia uvivu wangu?

---

Rolex_Mayai_Matatu

Nimeshakaa. Rolex (chapati ya mayai) mkononi, chai mezani. Endeleeni.

---

Nakato_wa_Kawempe

Samahani jamani, kwa sisi tusio mafundi, hiyo Wine ni kitu gani? Ni kama kuwa na kompyuta mbili ndani ya moja?

---

gemu_tu (Mukono)

Hapana dada. Programu ya Windows ikitaka kufungua faili au kuchora dirisha huwa inaiomba Windows. Ukiileta Linux, yale maombi hayana wa kuyajibu. Wine inakaa katikati, inayapokea kwa lugha ya Windows, inayapeleka kwa Linux, inarudisha jibu. Hesabu zenyewe prosesa inazifanya moja kwa moja, hakuna kompyuta ya kuigiza, ndiyo maana haiwi nzito kama watu wanavyodhani. Ilianza 1993, na toleo la 1.0 lilitoka 2008. Miaka 15 kufika "moja". Mnisamehe basi na mimi ambaye nimerudia mwaka wa pili chuoni.

---

Nakato_wa_Kawempe

Haya, webale. Mkalimani wa mahakamani.

---

BibiLinux (Kampala)

FundiSacco, umejijibu mwenyewe kwa lile neno "robo". Ulikuwa na sababu ya kuandika, ikaondolewa, ukaacha. Huo si uvivu, ndivyo binadamu alivyo. Na kama wewe unayeipenda Linux umeacha, kampuni kubwa ambayo haiipendi itafanya nini?

Chukueni gemu ya Rocket League. Ilikuwa na toleo asilia la Linux na la Mac. Machi 2020 watengenezaji wake, Psyonix, wakayakata yote mawili, walitaka kuhama kutoka DirectX 9 kwenda DirectX 11 (zana za Windows za kuchorea gemu). Walisema wachezaji wa mifumo hiyo miwili kwa pamoja hawafiki asilimia 0.3. Na watu wa Linux waende wapi? Wakaelekezwa kwenye Proton na Wine, huku wakiambiwa kwamba hivyo havina huduma rasmi. Sikilizeni hiyo lugha, ssebo: nenda kwa mkalimani, ila msipoelewana usirudi kwangu.

Mimi nasimamia maabara ya mashine 40. Programu asilia ikiharibika najua pa kupeleka lawama. Ya kupitia Wine ikiharibika, mwenye programu anasema ni Wine, watu wa Wine wanasema ni programu, na mwanafunzi amesimama mlangoni na kazi yake ya kesho asubuhi.

---

gemu_tu

Heshima yako dada, lakini hesabu iko upande wetu. Kulikuwa na kampuni Marekani ikiitwa Loki Software. Kazi yake ilikuwa kuhamisha gemu za Windows kuwa asilia za Linux, kazi safi kabisa. Ilianza 1998, Januari 2002 ikafunga. Hapo Proton haikuwepo hata kwenye ndoto, Valve, wenye duka la gemu la Steam, waliitoa Agosti 2018. Sasa Loki aliuliwa na mkalimani gani? Aliuliwa na kukosa wanunuzi.

Na tangu Proton na Steam Deck, mashine yao ya gemu ya mkononi inayotumia Linux (Februari 2022), Linux kwenye takwimu za Steam ilivuka asilimia 3 mwishoni mwa 2025. Ni kidogo, sawa. Ila ukitaka mtu akupikie matooke, kwanza mjue mko wangapi mezani.

Halafu kuna jambo ambalo hamtalipenda. Nina gemu za zamani zenye toleo asilia la Linux ambazo leo hazifunguki, na toleo la Windows la gemu hizohizo linafunguka kwa Proton bila shida. Kwa sababu maktaba za Linux, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu nyingi hutegemea, zinabadilika chini ya miguu. Agosti 2022 toleo la 2.36 la glibc, mojawapo ya maktaba hizo, lilipotoka, kitu kimoja kidogo kinachoitwa DT_HASH kikaachwa nje, na gemu zinazotegemea Easy Anti-Cheat (kinga dhidi ya wadanganyifu) zikaanguka. Watu walipigana mtandaoni wiki nzima. Ile API ya Windows (yale maombi niliyoyataja) kwa kupitia Wine imekuwa imara kuliko Linux yenyewe. Kichekesho, lakini ndiyo hali.

---

BibiLinux

Hapo kwenye maktaba sikubishii. Nimelia machozi yangu.

---

KuweloKwaRahisi

Nyie mnahangaika na nini? Fundi wa jirani anakuwekea Windows ya flashi kwa 20,000 na anakuongezea Office. Wine ya kazi gani?

---

FundiSacco

Huyu amekuja kwa mzaha lakini kagusa penyewe. Wateja wangu 13 waliobaki wako hivyohivyo, kwenye Windows ya flashi. Ningekuwa na SACCO kumi zinazosema "tuletee ya Linux au tunakuacha", ningeshamaliza toleo hilo zamani. Mmoja tu ndiye aliyehamia, na huyo Wine imemtosha. Kwa Uganda, mpinzani wa programu asilia ya Linux ni ile Windows isiyolipiwa. Anayeilipia Windows bei yake ndiye angeanza kutafuta njia nyingine, na hayuko.

---

Chapa_Nasser

Niko Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, miaka mingi, naongea kama mtu wa kuchapa. Hapa kila kitu ni CorelDRAW, programu ya kuchora. Kadi za harusi, kalenda, mabango ya wagombea, hadi risiti za FundiSacco kama angetupa kazi. Kijana akija kuomba kazi anaulizwa "Corel unaijua?" na si kingine.

Wengi hawajui kwamba CorelDRAW iliwahi kuwa ya Linux. Mwaka 2000, toleo la 9. Corel walikuwa na Linux yao wenyewe, na walikuwa na WordPerfect Office (programu za ofisi) ya Linux. Lakini hawakuandika upya. Walichukua Wine, wakaisukasuka, wakaifungia ndani ya boksi pamoja na programu. Kazi waliyoifanya kwenye Wine waliirudisha kwa wote, hilo tuwape. Oktoba mwaka huohuo Microsoft ikaweka dola milioni 135 ndani ya Corel. Mwaka uliofuata ile Linux yao ikaenda kwa kampuni ya Xandros, na CorelDRAW ya Linux haikuonekana tena.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Njia fupi iliwaingiza haraka, na iliwatoa haraka. Wangekuwa wameajiri watu miaka mitatu kuandika upya, kuondoka kungeuma. Mtu aliyejenga kwa tofali hahami kama aliyepanga chumba cha mabati.

Kuhusu Inkscape na Scribus, zile za bure za kuchora na kupanga kurasa: nimezijaribu. Inkscape ni nzuri kweli. Ila mteja ananiletea faili la .cdr (la Corel) la 2013 la nembo ya kanisa, anataka mistari yake ikae palepale ilipokuwa. Hapo ndipo ninaporudi kwa Corel, na sina aibu.

---

MzeeWaDOS (Jinja)

Vijana wangu, hili swali lenu lina mvi kuliko mimi. Lilianza na OS/2, mfumo wa kompyuta wa IBM.

IBM walitoa OS/2 2.0 mwaka 1992. Walijigamba kwamba ni DOS bora kuliko DOS na Windows bora kuliko Windows. Na haikuwa uongo: ndani yake mlikuwa na Windows nzima ya kuendeshea programu za Windows 3, walikuwa na haki ya kutumia msimbo wa Microsoft. Programu moja ikianguka, nyingine hazikuguswa, jambo ambalo Windows yenyewe wakati huo haikuliweza.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mwenye kampuni ya programu. Ukiandika ya OS/2 unauza kwa watu wa OS/2 tu. Ukiandika ya Windows unauza kwa watu wa Windows, na watu wa OS/2 wanainunua vilevile kwa kuwa inafanya kazi kwao. Ungeandika ipi? Wakaandika ya Windows. Agosti 1995 Windows 95 ikaja na programu za aina mpya ambazo OS/2 haikuzielewa, na mkalimani wa watu akabaki na lugha ya zamani. IBM waliacha kuiuza mwisho wa 2005.

Lakini nisiwe mwongo. Wapo wanaosema ule ukalimani ndio ulioiua. Mimi nilikuwepo, na nakumbuka RAM ilivyokuwa ghali. OS/2 ilitaka megabaiti 4 ili iamke tu, na ili utembee vizuri ulihitaji 8. Windows ilikuja ndani ya kila mashine mpya, OS/2 uliitafuta dukani. Ukiwa na ugonjwa wa moyo, sukari na malaria, utasema umekufa na kipi?

Kichekesho kidogo: Windows NT, ile ya maofisini, nayo ilikuwa na sehemu ya kuendeshea programu za OS/2 za kwanza, zile za maandishi. Waliiondoa Windows XP ilipofika. Hakuna aliyelia.

---

Rolex_Mayai_Matatu

Mzee amemaliza. Naagiza rolex nyingine.

---

kibuuka_wa_simu

BlackBerry 10 ni hivyohivyo. 2013 walikuja na mfumo mpya, na ulikuwa unaendesha programu za Android. Waandishi wakasema, kumbe Android inatosha. Mwisho wa 2015 BlackBerry wenyewe wakatoa simu ya Android, Priv. Mimi niliishika Z10, simu ya mfumo huo, mpaka vitufe vya pembeni vikafutika.

---

MakaliYaMalaba

Mimi si mtu wa kompyuta, ni wakala wa kutoa mizigo mpakani. Nimefuata uzi huu kwa sababu mnaongea mambo yangu.

Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi Julai 2022. Kampala watu wangapi wamejifunza tangu hapo? Wachache. Kwa nini? Kwa sababu wana Kiingereza, kinawafikisha kila ofisi. Kiingereza ndiyo Wine yao. Hapa Malaba kila mtu anakijua Kiswahili, hadi muuza karanga, na hakuna serikali iliyomwambia. Dereva wa lori kutoka Mombasa hana muda wa mkalimani, anataka bei, usipomwelewa anasogea kwa jirani.

Kwa hiyo mimi naona mkalimani hamzuii mtu kujifunza lugha. Anamzuia yule ambaye hakuwa na haja nayo sana.

---

BibiLinux

Makali, umeongea vizuri ila umenisaidia mimi. Wengi wetu ndio hao "hawakuwa na haja sana". Hapo katikati ndipo programu nyingi zinapoamuliwa. Aliyelazimika ataandika na asiyejali hataandika, Wine iwepo isiwepo. Aliyekuwa anasitasita ndiye Wine inamwambia "lala". FundiSacco alikuwa robo ya safari!

---

tufaha_256

Mnaisahau Apple, na jibu liko kule. 2006 walipohamia chipu za Intel walitoa mkalimani aitwaye Rosetta, programu za zamani za chipu za PowerPC zikaendelea. 2011, toleo la Lion la mfumo wa Mac lilipotoka, Rosetta ikaondolewa. 2020 wamehamia chipu zao, wakatoa Rosetta 2, na 2025 wakatangaza kwamba itahudumiwa kikamilifu hadi macOS 27. Mkalimani wao huwa wa mkataba. Kila msanidi anajua siku itafika mkalimani apande basi arudi kwao, kwa hiyo anaandika toleo asilia mapema.

Kwa Linux nani atamfukuza Wine? Hakuna mwenye nyumba. Na hata angekuwepo, siku anamfukuza watu wanarudi Windows kesho yake. Apple anaweza kumwambia msanidi "hama" kwa sababu wanunuzi wako mikononi mwake. Linux haina wa kumtisha mtu.

---

gemu_tu

Hii ndiyo pointi bora ya uzi mzima na imetoka kwa mtu wa Mac. Banange.

---

FundiSacco

Tufaha, umenipa usingizi mbaya jana. Nimejiuliza: Wine yangu ina mkataba? Nikagundua unao, ila si wa Wine. Ni wa Delphi 7 na ile injini ya Borland ya data. Mimi mwenyewe nikifa leo, hakuna kijana Tororo atakayeweza kurekebisha hesabu ya riba humo ndani. Wine inailinda programu yangu isife, na kwa kuilinda inanificha kwamba ni mgonjwa.

Ila siwezi kuandika upya kila kitu. Nina umri na nina shamba.

---

BibiLinux

Ssebo, Delphi? Ulisema juu kabisa, nami nikapita bila kuiona. Tafuta Lazarus. Ni Pascal ileile, fomu zilezile za kuburuta vitufe, ni bure, na unakompaili kwa Windows na kwa Linux kutoka msimbo mmoja. Ina kifaa cha kugeuza mradi wa Delphi. Si cha miujiza, utasafisha kwa mkono, lakini hauanzi na karatasi tupu. Data ya Paradox ihamishe kwenda SQLite au Firebird, hifadhidata za bure. Riba yako haijui iko kwenye mfumo gani, ni hesabu tu.

---

MzeeWaDOS

Na kabla hujagusa data ya watu, nakili mara mbili. Moja ikae nyumba nyingine. Nimewahi kuzika data ya kanisa zima, sitaki kusimulia.

---

FundiSacco

Taarifa, baada ya wiki tatu.

Nimeigeuza. Ilitoa makosa 312 mara ya kwanza, nikataka kufunga laptopu nikapalilie mihogo. Mengi yalikuwa kosa lilelile moja limejirudia. Fomu ya kuingilia, wanachama, akiba: hizo zinafunguka asilia kwenye Mint, na zinafunguka kwenye Windows kutoka msimbo uleule. Data imo kwenye SQLite. Mikopo bado. Ripoti zote zimekufa, maana QuickReport, zana ya Delphi niliyozichorea, haipo huku, natakiwa kuzichora upya moja moja, nazo ni 22.

Na naomba nikiri jambo kwa BibiLinux: nimeweza kulala wakati huu wote kwa sababu ile SACCO inaendelea kufanya kazi kwa Wine. Bila Wine ningekuwa narekebisha usiku huku mwenyekiti anapiga simu. Ningerudisha Windows ya flashi siku ya pili na habari ingeishia hapo. Kwa hiyo Wine ilinilaza muda mrefu, kisha ikanishikia mlango nilipoamka. Sijui niihesabu upande gani.

---

BibiLinux

Ihesabu ukimaliza zile 22, si leo.

---

Chapa_Nasser

Fundi, ukifika kwenye risiti nitumie muundo nikupangie mistari. Sitaki kusikia tena ile sufuri tatu ya chini.

---

FundiSacco

Kale, nashukuru. Nani yuko Mbale au Tororo mwenye printa ya milimita 58 ya USB ambayo haifanani na yangu? Nataka kuijaribu Jumamosi. Nauli na chai juu yangu.

---

Rolex_Mayai_Matatu

Niko Mbale. Ninayo. Chai niongezee chapati.